Barua ya shule ifike nyumbani: mwongozo kamili wa kuwapasha wazazi habari za muhula katika shule za msingi za Lamu

Mama wa Langoni apata habari ya mkutano wa wazazi siku ileile ya mkutano. Baba wa Matondoni aambiwa saa mbili usiku kwamba kesho mtoto wa Gredi ya 3 atakiwa darasani na vifuu na ukili. Bibi wa Kizingitini aliyeachiwa wajukuu aletewa karatasi ya maandishi madogo, aiweka chini ya mto mpaka mwanawe arudi kutoka baharini, na siku iliyoandikwa imeshapita. Hawa wote wanaijali shule. Shule nayo imetangaza. Tangazo tu ndilo lililotengenezwa bila kufikiria anayelipokea.

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyepewa kazi ya kuandika barua za wazazi, na wa wawakilishi wa wazazi katika Chama cha Wazazi ambao aghalabu ndio wanaozisambaza. Napendekeza barua moja ya ukurasa mmoja mwanzoni mwa kila muhula, na nyingine fupi kila mwezi. Kazi yake si kuisifu shule. Mzazi akimaliza kuisoma ajue ni nini atakiwa afanye, lini, na kwa gharama gani.

Hatua ya kwanza: weka kalenda zote mezani kabla ya kupanga tarehe

Hii ndiyo hatua ninayoomba ipewe muda mrefu kuliko zote, maana barua nyingi huharibikia hapa kabla hata ya kuandikwa.

Kalenda ya kwanza ni ya Wizara ya Elimu. Mihula ni mitatu: wa kwanza Januari hadi mwanzo wa Aprili, wa pili mwisho wa Aprili hadi karibu na Agosti kuanza, na wa tatu, mfupi kuliko yote, mwisho wa Agosti hadi Oktoba. Ndani yake mna likizo fupi za katikati ya muhula. Yaandike yote kwanza, pamoja na mashindano ambayo shule haiwezi kuyasogeza: drama hufanywa muhula wa kwanza na fainali zake za taifa huwa kwenye likizo ya Aprili, muziki hushindaniwa muhula wa pili na kufikia kilele chake mwezi wa Agosti. Michezo nayo hupanda ngazi kwa ngazi, kutoka zoni hadi kaunti ndogo, kaunti, Pwani na taifa. Mtoto anayeshinda zoni atahitaji nauli na ruhusa tena baada ya siku chache, kwa hiyo barua itaje ngazi inayofuata mapema, hata kama ushindi haujulikani.

Kalenda ya pili ni ya mwezi mwandamo. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu, na miaka ya 2026 na 2027 yote inaangukia ndani ya muhula wa kwanza. Basi mbio, ziara na siku ya wazazi zipangwe Januari, na barua iseme wazi kama saa za kufungua na kutoka zitabadilika. Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi, na Alhamisi yake ya mwisho mji mzima huwa kwenye Msikiti wa Riyadha: wageni wamejaa nyumbani, watoto wako kwenye zafa na matari. Mwaka 2026 mwezi huo unatarajiwa kuandama katikati ya Agosti, kwa hiyo kilele chake kitaingia wakati muhula wa tatu umefunguliwa juzi tu. Kuita mkutano wiki hiyo ni kuita viti vitupu. Tarehe yoyote inayotegemea mwezi iandikwe na maneno “mwezi ukiandama”, ili familia isije ikashangaa siku ikisogea.

Kalenda ya tatu ni ya maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku za bamvua, maji yetu hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa 4 asubuhi ndiyo yamejaa, na tena hayapwi sana. Kila siku hujaa kama dakika 50 baada ya jana yake. Mkutano wa saa 4 asubuhi siku ya bamvua humwacha mzazi wa Kipungani akisukuma mashua kwenye tope, na yule anayepitia mkondo wa Mkanda kutoka Pate akingoja maji. Mkutano huohuo ukisogezwa wiki moja mbele, boti zapita. Hakuna gharama yoyote katika kusogeza, ila lazima mtu aangalie mwezi kabla ya kuandika tarehe. Katika kila kamati ya wazazi yuko nahodha au mvuvi. Mpeni yeye kazi hii rasmi, na muulizeni pia siku ambazo wavuvi huwa nyumbani. Tukilalamika kwamba mikutano hujaa akina mama peke yao, tuanze kwa kuuliza tuliiita siku gani.

Kisha pepo. Kusi huvuma Aprili hadi Septemba, na Juni na Julai bahari ya nje huwa haina simile. Safari za mashua na watoto ziwekwe wakati wa kaskazi, Januari hadi mwanzoni mwa Machi, au matlai ya mwisho wa mwaka.

Mwisho, tembelea chuo cha Kurani. Watoto wengi huenda chuoni mchana baada ya shule, na Jumamosi na Jumapili asubuhi. Mwalimu wa shule akenda kumuona maalim mwanzoni mwa muhula na orodha ya siku za mazoezi, wakakubaliana, mtoto haadhibiwi upande mmoja kwa kutii upande wa pili. Ijumaa usiweke chochote kati ya saa 5 na saa 8 mchana.

Hatua ya pili: kusanya habari kwa walimu

Mpe kila mwalimu wa darasa karatasi yenye maswali matatu: Darasa lako litafanya nini mwezi huu? Utahitaji nini kutoka nyumbani? Watoto wamejifunza jambo gani ambalo mzazi anaweza kuuliza habari zake nyumbani? Jibu la tatu ndilo wazazi hulipenda zaidi. “Gredi ya 2 wanajifunza kupima urefu; mwombe mtoto apime mlango wa nyumba kwa shubiri” ni sentensi moja, na inaipeleka shule mpaka ndani ya daka.

Jibu la pili linahitaji ukali kidogo. Tangu mtaala wa umilisi uanze kuingia madarasani mwaka 2019, malalamiko makubwa ya wazazi ni vifaa vya ghafla. Wekeni kanuni: kifaa chochote kitajwe kwenye barua wiki mbili kabla, na kiwe kitu kinachopatikana mtaani. Vifuu, makumbi, ukili, makuti, kombe za pwani na mabaki ya kitambaa kwa fundi cherehani havinunuliwi. Mwalimu akitaka karatasi za rangi na gundi, aeleze kwanza kwa nini ukili hautoshi. Na mzazi asiye na kifaa aambiwe amweleze nani, bila mtoto kusimamishwa mbele ya wenzake.

Ukishakusanya, chuja. Mambo manne au matano kwa barua moja yanatosha. Habari ya kwamba wageni fulani walitembelea ofisi ya Mwalimu Mkuu inaweza kukaa kwenye ubao wa matangazo.

Hatua ya tatu: andika

Kila jambo liwe na siku, tarehe, saa, mahali, nani anahusika, alete nini, na malipo. Kama hakuna malipo, andika “hakuna malipo”, kwa sababu mzazi asiyeliona neno hilo hudhani atadaiwa mlangoni na hubaki nyumbani. Saa ziandikwe kwa Kiswahili, na maneno asubuhi, mchana au jioni yasikosekane. “8:00” peke yake imewapeleka wazazi shuleni saa nane mchana.

Kiswahili kiwe cha kawaida. Barua ikisomwa Mkomani, Mpeketoni na Kiwayu, wote wafahamu bila mkalimani. Majina marefu ya kiofisi yaache ofisini. Herufi ziwe kubwa, za kusomeka kwa taa hafifu.

Huu hapa mfano wa barua ya mwezi:

> BARUA YA WAZAZI, JUNI 2026
>
> Assalaam alaykum, na salamu kwa wazazi na walezi wote.
>
> Mkutano wa Gredi ya 4, 5 na 6. Jumamosi, tarehe 20 Juni, saa 3 asubuhi mpaka saa 5, uwanjani chini ya mwarobaini. Tutazungumza na kila mzazi kuhusu maendeleo ya mtoto wake. Maji yatakuwa yamejaa asubuhi hiyo. Aje mzazi au mlezi yeyote anayekaa na mtoto. Hakuna malipo.
>
> Gredi ya 3, kazi ya mikono. Alhamisi, tarehe 18 Juni. Kila mtoto aje na vifuu viwili vilivyooshwa na ukili kidogo. Msinunue. Asiye navyo amwambie mwalimu wa darasa kabla ya Jumatatu, tarehe 15.
>
> Kwaya. Mazoezi ni Jumatatu na Jumatano baada ya masomo, mpaka saa 10 jioni. Tumekubaliana na walimu wa chuo kuhusu siku hizi mbili. Mtoto aletewe maji ya kunywa.
>
> Waulizeni nyumbani. Gredi ya 5 wamejifunza kwa nini mikoko huzuia mawimbi. Mtoto aweza kuwaeleza.
>
> Mwenye swali ampigie mwakilishi wa darasa lake.
>
> ✂ – – – – – – – – – – – – – – – –
> Jina la mtoto ............ Gredi ......
> Mkutano wa tarehe 20: nitakuja / sitaweza
> Sahihi au dole gumba ............

Tazama kwamba neno “mlezi” limetajwa. Watoto wengi wa visiwani hulelewa na bibi, mjomba au dada mkubwa kwa sababu wazazi wako Mombasa au ng’ambo kikazi. Barua inayosema “wazazi” tu humfanya bibi ajione hakualikwa.

Hatua ya nne: pesa ziandikwe kama sheria inavyotaka

Mwandishi wa barua lazima akijue kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Shule ya umma haitozi karo ya masomo. Malipo mengine yanahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Mtoto hazuiwi kuingia darasani kwa sababu hajalipa malipo hayo, na hakuna anayeruhusiwa kupokea pesa bila kutoa risiti rasmi. Serikali yenyewe imeweka kiwango cha shilingi 1,420 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na mwalimu mkuu yeyote atakwambia ni kidogo. Ndiyo maana michango huombwa. Lakini mchango uitwe mchango, na barua isitumie maneno kama “lazima” au “atarudishwa nyumbani”.

Ukiomba pesa za ziara, toa hesabu mbele ya watu: boti kiasi gani, kiingilio kiasi gani, maji na chakula kiasi gani, jumla, kisha kila mtoto. Pesa ziingie kwenye akaunti ya shule, zisiende M-Pesa ya mwalimu wala ya mwakilishi, hata akiwa mwaminifu namna gani. Hilo humlinda yeye kwanza. Na kabla barua haijatoka, kamati iwe imeshaamua watoto wasioweza kulipa watakwendaje, ili barua iweze kusema: “Mzazi mwenye uzito azungumze na mwalimu wa darasa faraghani; hakuna mtoto atakayeachwa.”

Hatua ya tano: ziara, na hasa za bahari

Tuna bahati ambayo shule za miji mingine hazina. Mji wetu wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mtoto wa shule ya mjini aweza kwenda kwa miguu Ngomeni, jengo lililokamilika karibu na 1821 na lililokuwa jela hadi miaka ya 1980, kisha akapita Makumbusho na kurudi kabla ya adhuhuri. Ziara ya namna hii haihitaji zaidi ya fomu ya ruhusa, walimu wa kutosha, na kuandikia Makumbusho ya Taifa mapema ili mwongozaji awepo. Kwa watoto wa Gredi ya 1 mpaka ya 3, nashauri ziara za miguu tu.

Takwa, kule Manda, ni jambo jingine. Watoto wa Gredi ya 5 na 6 wanastahili kuuona mji ule uliokaliwa tangu karne ya 15 hadi ya 17, msikiti wake na kaburi lake la nguzo. Lakini njia ya kufika ni mkondo wa mikoko unaopitika maji yakiwa yamejaa. Chagua siku ambayo maji yanajaa katikati ya asubuhi, ingieni yakiwa yanapanda, na mwalimu ajue saa ya kuondoka iliyowekwa na nahodha. Nahodha akisema twende sasa, ziara imekwisha, hata kama kuna darasa halijaona kaburi.

Barua ya ziara ya bahari iwe karatasi yake peke yake, isichanganywe na habari nyingine. Iseme chombo ni cha aina gani na kinabeba watu wangapi, watoto wangapi watapanda na walimu wangapi, saa ya kuondoka na ya kurudi, gati gani, na nambari ya simu ya mwalimu aliye safarini. Iahidi laifu jaketi ya saizi ya mtoto kwa kila mtoto, na ahadi hiyo ikaguliwe siku moja kabla kwa kuwavisha watoto wenyewe. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto wa miaka kumi akiingia majini. Iulize kama mtoto ana pumu, kifafa au dawa anayotumia, kama anajua kuogelea, na kama ana ulemavu unaohitaji mtu wa kumsaidia kupanda na kushuka. Mtoto huyo asiachwe nyuma kwa sababu hakuna aliyeuliza. Na iseme: “Upepo ukizidi, safari itaahirishwa asubuhi ileile, na pesa zitabaki kwa tarehe mpya.” Mwalimu mwenye sentensi hiyo kwenye barua hatasukumwa na watoto sitini waliovaa nguo za safari.

Fomu isiyorudi yenye sahihi maana yake mtoto hapandi. Hapo hakuna huruma.

Afya na mtihani

Siku za dawa ya minyoo na za chanjo hutangazwa mapema kidogo, pengine siku chache tu, kwa hiyo ziwe na nafasi yake kwenye barua. Taja jina la dawa, nani anaitoa, watoto wa umri gani, na kwamba mtoto ale kitu kabla ya kutoka nyumbani. Chanjo ya HPV, inayotolewa nchini tangu Oktoba 2019 kuwakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi, huzua maswali mengi kuliko nyingine. Usiitangaze kwa karatasi peke yake. Mwite muuguzi wa kituo cha afya azungumze na akina mama, wajibiwe na mtu anayeijua.

Gredi ya 6 hufanya tathmini ya KPSEA, ile ya taifa ya kumaliza shule ya msingi, mwishoni mwa muhula wa tatu. Barua ya Julai iwakumbushe wazazi kuhakikisha jina la mtoto shuleni linafanana herufi kwa herufi na la cheti cha kuzaliwa. Ahmed na Ahmad, Mwanakombo na Mwana Kombo, hugeuka safari za ofisi kwa ofisi baadaye. Anayekosa cheti aanze kukitafuta mapema, maana kwa mtu wa Ndau au Kiwayu hiyo ni safari ya boti na ya kulala.

Picha za watoto

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa, na picha ni taarifa. Mwanzoni mwa mwaka, fomu moja iulize: mwakubali picha ya mtoto itumike kwenye barua ya shule? Kwenye kundi la WhatsApp? Kwenye mitandao? Kila swali na jibu lake. Ziko familia zisizopenda binti zao wapigwe picha, na neno lao liheshimiwe bila kuhojiwa. Usiandike jina kamili chini ya picha, na matokeo ya mtihani ya mtoto mmojammoja yasiingie kundini kamwe.

Hatua ya mwisho: ifikishe, kisha hesabu majibu

Karatasi kwanza. Mpe mtoto Jumanne au Jumatano, si Ijumaa, maana ya Ijumaa hulala kwenye mkoba mpaka Jumatatu. Siku hiyohiyo tuma picha ya barua kwenye kundi la darasa, ambalo liwe la matangazo tu, walimu na wawakilishi ndio waandikao. Salamu na dua zipate kundi lao.

Halafu rekodi barua hiyohiyo kwa sauti, dakika mbili, polepole. Hili naliona lina faida kuliko yote yaliyotangulia hapa, kwa sababu Lamu ni mji wa masikio: habari husikika barazani, gatini na kisimani kabla haijasomwa. Bibi asiyesoma ataisikiliza mara tatu. Mvuvi ataisikiliza simu ikishika mtandao. Asome mtu ambaye sauti yake inajulikana, kwa matamshi ya watu wa pale shule ilipo. Faza asome mtu wa Faza.

Kwa wasio na simu, mwakilishi wa kila darasa awe na orodha ya nyumba zake na apite mwenyewe. Imamu akiombwa kwa adabu atatangaza mkutano baada ya sala, na mzee wa mtaa atausema. Kanisani vilevile, kwa shule za bara kama Hindi, Mpeketoni na Witu.

Vipande vya kukata vikirudi, mwakilishi avihesabu darasa kwa darasa na kuandika kwenye daftari: barua zilizotoka, zilizojibiwa, walioahidi kuja, waliokuja. Darasa ambalo vipande vyake havirudi, mtu aende nyumba mbili au tatu akaulize kwa upole barua ilifika saa ngapi na kwa mkono wa nani. Majibu yaandikwe kwenye daftari hilohilo, likae ofisini, na lifunguliwe siku ya kupanga tarehe za muhula unaofuata.